Mhubiri Aliyeukataa Mkate

Mali yote ya Asahel Pruitt ilikuwa farasi mmoja, Biblia moja, kitabu cha nyimbo kilichovimba kwa maji ya mito, na koti jeusi lililonyeshewa na mvua kuliko shamba la mtu yeyote Ohio. Alikuwa mhubiri wa mzunguko wa Wamethodisti. Kazi hiyo aliianza akiwa kijana wa miaka ishirini na miwili, na mwaka ule wa 1809 alikuwa anatimiza mwaka wa kumi na mmoja juu ya tandiko.

Mzunguko wake ulikuwa na vituo ishirini na vinne. Usidhani vituo ni makanisa. Kanisa lingetoka wapi kule msituni? Kituo kilikuwa nyumba ya magogo ya mtu, au ghala la nafaka, au kisiki kilichobaki mbele ya kinu cha kusaga nafaka. Kila kituo alikifikia mara moja kwa wiki nne, jua liwake, theluji ianguke. Alihubiri, akala alichopewa, akalala alipoonyeshwa, na asubuhi huyoo, kashika njia. Siku za mvua ya mawe watu wa kule walikuwa na msemo wao: leo hakuna kiumbe nje ila kunguru na mhubiri wa Kimethodisti.

Na alikuwa na furaha, nakwambia! Akishavuka mto, viatu vimejaa maji, aliimba mpaka kindi wakakimbilia mashimoni. Farasi wake alimwita Yona, kwa kuwa ukimwelekeza Ninawi yeye alitaka kwenda Tarshishi. Asahel alimhubiria Yona njia nzima, akijaribisha mahubiri ya kesho, na Yona akitikisa kichwa aliyafupisha. Watu walimpenda. Alibeba barua zao, mbegu zao za maboga, salamu zao, na habari za nani kajifungua na nani kaanguka kutoka juu ya paa. Mbwa wakibweka bondeni, mama wa nyumba alishajua ni nani, akaongeza maji kwenye supu.

Kitu kimoja tu hakuwa nacho, nacho ni mke. Wahubiri hawakukatazwa kuoa, hapana. Ila mshahara ulimtosha mtu mmoja na farasi asiye mlafi. Mhubiri aliyeoa, mwaka haukwisha, mara kashuka farasini, kashika jembe, na vituo vyake ishirini na vinne vimebaki yatima. Kwa hiyo kulikuwa na sheria: asipige hatua yoyote kuelekea ndoa bila kushauriana na wakubwa wake. Na mkubwa wa Asahel, Mzee Enoch Satterfield, msimamizi wa mizunguko yote ya upande ule, alikuwa amewapoteza vijana kwa njia hiyo mpaka vidole vya kuwahesabia vikamwishia. Mzee mwenyewe hakuoa. Alikuwa mrefu, mkavu, na akitabasamu watu walidhani jino linamuuma.

Sasa basi. Kituo cha kumi na saba kilikuwa Bear Fork, nyumbani kwa mjane aitwaye Keziah Maddox.

Keziah alikuwa na miaka thelathini, shamba la ekari arobaini alilolilima mwenyewe, na ulimi. Mume alikufa miaka minne nyuma kwa homa. Kila Jumatano ya nne watu wa Bear Fork walijazana sebuleni kwake kusikiliza neno, na walipokwisha kutawanyika, Keziah aligeuza mikate ya mahindi jikoni huku akimweleza mhubiri makosa yake.

"Ndugu Pruitt, leo ulimwacha Nuhu majini nusu saa nzima. Maskini ya Mungu! Ulimsahau?"

"Nilikuwa nafika, dada."

"Ulikuwa unafika wapi? Watoto wamelala, Lemuel Crum kakoroma, na safina bado inaelea. Mtoe mtu nchi kavu, watu wakale."

Hakuna aliyewahi kumwambia Asahel maneno kama hayo. Kwingine kote walimwambia mahubiri yamewagusa. Basi alianza kuyapanga mahubiri yake akiwaza Keziah atasemaje, na mahubiri yakawa mazuri, mafupi, yenye pilipili, hata watu wa vituo vingine wakauliza huyu kapatwa na nini. Yeye alijiambia ni neema. Mwezi wa sita mafuriko yalipokuja aliruka vituo vitatu kwa sababu mito haikupitika, lakini mto wa Bear Fork, uliokuwa mbaya kuliko yote, aliuogelea ameshika mkia wa Yona, akafika amelowa chapachapa, akamkuta Keziah peke yake na jirani yake Dorcas Crum, maana nani mwingine angetoka nje siku ile? Aliwahubiria wote wawili. Akajiambia ni wajibu.

Lakini mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Dorcas, mke wa Lemuel, alirudi nyumbani siku ile na kumwambia mumewe, "Yule mtu hakuogelea mto kwa ajili yangu mimi."

Mwezi wa nane ukafika, na mkutano wa robo mwaka ukawekwa Bear Fork, kwenye ghala kubwa la Lemuel na Dorcas Crum. Watu walitoka maili thelathini na magari ya ng'ombe, na watoto, na nyama za kukaushwa, na matandiko ya kulalia. Mzee Satterfield naye akaja. Jumamosi alasiri, baada ya mahubiri, akamchukua Asahel pembeni, wakasimama kwenye uzio wa malisho.

"Ndugu Pruitt," alisema, "mwezi ujao majina yatasomwa, nani anapelekwa wapi. Nimekupendekeza Wabash."

Asahel alishika uzio kwa mikono miwili. Wabash! Mwisho wa njia zote, siku kumi na mbili kwa farasi kuelekea magharibi, ambako watu walikuwa wamehamia mwaka juzi na hawajasikia hata wimbo mmoja. Kila mhubiri kijana aliiota Wabash. Yeye aliota njia kama hiyo kwa miaka kumi na mmoja.

"Nataka mtu mwenye nguvu, asiye na kamba mguuni," Mzee aliendelea, akimtazama machoni. "Nakuuliza mara moja tu. Kuna kitu kinachokufunga huku?"

Hapo ndipo Asahel angesema. Mdomo alishaufungua. Lakini aliwaona vijana wote wale walioshuka farasini, wenye majembe, na akajiona na yeye yumo, na vituo ishirini na vinne vinangoja mtu asiyekuja. Akisema ndiyo, tandiko limekwenda. Akisema hapana, Keziah kaenda.

"Hakuna kitu, Mzee," alisema.

"Vema," akasema Satterfield, akaenda zake kuosha mikono.

Chakula cha jioni wageni walikula nje, kwenye meza ndefu za mbao. Keziah alileta pai tatu za matofaa. Asahel alikula vipande vitatu, kila kimoja kikashuka kama jiwe, na kwa kuwa alishindwa kusema lililo moyoni alisema mengine yote. Alimweleza Keziah habari za kwato za Yona. Alimweleza habari za mafua ya mtoto fulani wa Mill Run, siku kwa siku. Keziah alimsikiliza, sahani mkononi, macho makavu kabisa. Kisha akasema, "Nashukuru kwa habari za mafua," akaondoka.

Jumapili asubuhi ilikuwa karamu ya upendo.

Karamu hii si ya kushiba. Ni mkate mkavu na maji, basi. Wanaingia waumini wenye kadi zao tu, mlango unafungwa, sahani ya mkate inapita benchi kwa benchi, kila mtu anamega kipande, kisha kikombe cha maji kinafuata, na watu wanasimama mmoja mmoja kueleza Mungu alivyowatendea. Lemuel Crum, kiongozi wa darasa la Bear Fork, yaani kikundi cha waumini wa pale, ndiye aliyekuwa mlangoni, na Lemuel kwa kadi alikuwa hana mchezo. Alimdai kadi hata Mzee Satterfield, na Mzee akaitoa.

Sheria ya mkate ilikuwa moja. Mwenye neno na mwenzake aliyemo humo ndani asiule mpaka wapatane. Na aliyeifundisha sheria hii kwa ukali kuliko wote alikuwa nani? Asahel Pruitt mwenyewe! Majira ya kuchipua aliwasimamisha ndugu wawili wa Mill Run, Obed Stiles na jirani yake, mbele ya watu, kwa ajili ya nguruwe mmoja aliyevuka uzio, akawanyima mkate hadi nguruwe akachinjwa na kugawanywa nusu kwa nusu.

Ghala lilijaa. Wanaume upande mmoja, wanawake upande wa pili, jua likipenya kwenye mianya ya mbao, harufu ya majani makavu, na nyimbo zimeshapamba moto. Sahani ikaanza safari. Asahel alikuwa benchi la mbele, na sahani ilipomfikia aliinua mkono. Kweli aliuinua, vidole vikagusa ukoko. Akawaza: Mzee Satterfield yuko hatua tatu kutoka hapa, na jana nilimtazama usoni nikamdanganya. Nikila hiki, nimemla Obed Stiles na nguruwe wake na mahubiri yangu yote.

Akaushusha mkono. Akaipokeza sahani kwa jirani yake.

Mnong'ono ukapita ghalani. Mhubiri kaacha mkate? Mhubiri ana neno na mtu? Na nani? Shingo zikageuka huku na huku. Sahani ikavuka upande wa wanawake, ikapita kwa Dorcas, ikafika kwa Keziah Maddox. Keziah aliitazama kama mtu anayetazama kiatu cha mtu mwingine. Akakunja mikono kifuani.



"Ee Mungu wangu," akasema Dorcas, akidhani kanong'ona, kumbe kila mtu alisikia, "wamegombana!"

Na kwa kweli ukiwa pale ungesema hivyohivyo. Watu wawili wamekataa mkate, mmoja huku, mmoja kule; hesabu ya hapo inahitaji kwenda shule? Lemuel Crum aliacha mlango wake, akaja mbele, uso umemshuka. Alimpenda mhubiri, na alimpenda Keziah, ambaye shamba lake lilipakana na lake. Lakini alikuwa kiongozi wa darasa.

"Ndugu zangu," alisema, "jambo hili ni zito. Pengine tuendelee, kisha wenyewe wawili wakakutane faragha..."

"Faragha?" Obed Stiles alisimama kule nyuma. "Mimi nilisimamishwa hapo mbele kwa ajili ya nguruwe! Mbele ya mama mkwe wangu! Nao wasimame!"

"Wasimame!" wakaitikia watu wa Mill Run wote.

Basi wakasimamishwa. Asahel upande huu, Keziah upande ule, hatua mbili katikati yao, na Lemuel katikati kama mtu anayeamua ngumi. Asahel alihisi masikio yanawaka moto. Ameshasimama mbele ya walevi wenye marungu, ameshahubiri kwenye mnada wa farasi, lakini hajawahi kusimamishwa kama mshitakiwa.

"Dada Keziah," alisema Lemuel kwa upole, "anza wewe. Ndugu Pruitt amekukosea nini?"

"Jana," alisema Keziah, na sauti yake ilifika hadi kwa ng'ombe nje, "alikula pai yangu vipande vitatu. Akanieleza kwato za farasi. Akanieleza mafua ya mtoto, kohozi kwa kohozi. Kwamba anahamia Wabash hakunieleza. Nimesikia kwa Dorcas."

"Na Dorcas kasikia kwa nani?" Lemuel akauliza, kwa ukali wa kiongozi.

"Kwako, mume wangu," akasema Dorcas kutoka benchini.

Watu wakacheka. Lemuel akakohoa, akarekebisha kola. "Haya. Lakini dada, wahubiri huja na kuondoka. Kuondoka kwake kunakukosea nini?"

 Wekundu ulimpanda Keziah kutoka shingoni mpaka kwenye nywele, lakini kidevu hakukishusha.

"Kuondoka hakunikosei," alisema. "Ni kazi yake. Kunyamaza ndiko kumenikosea. Mtu asiye na lolote nawe anakuaga tu, hadharani, kwaheri dada, Mungu akubariki, basi. Huyu badala ya kuniaga kanipa mafua. Nataka aseme kwa nini. Na aseme hapa hapa, maana mimi nimechoka kukisia."

Wanawake wote walisema "Mmh!" kwa pamoja, na hiyo mmh ilikuwa ndefu.

"Ndugu Pruitt," akasema Lemuel, "umesikia. Una neno gani na Dada Keziah?"

"Sina neno naye," alisema Asahel.

"Mbona basi hukula mkate?"

"Neno langu si naye. Ni na Mzee Satterfield."

Hee! Ghala lilichemka. Mhubiri kagombana na Mzee Msimamizi! Mama mmoja alimpakata mtoto wake vizuri zaidi asikose kitu. Mzee Satterfield aliinua kichwa taratibu, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue, alionekana kushangaa.

"Mimi nimekukosea nini, Ndugu Pruitt?"

"Hujanikosea, Mzee. Mimi ndiye niliyekukosea. Jana pale kwenye uzio uliniuliza kama kuna kitu kinachonifunga huku, na mimi nikakwambia hakuna. Nilisema uongo." Asahel alivuta pumzi. Alijua kwamba neno linalofuata huenda likamshusha farasini maisha yake yote. Akalisema. "Kipo."

"Kitu gani?"

"Amesimama hapo."

 Dorcas akapiga kelele, "Aleluya!" akajiziba mdomo kwa mikono miwili, na kicheko kikaanzia upande wa wanawake, kikavuka, kikawazoa na wanaume. Obed Stiles alipiga benchi kwa ngumi. Keziah hakucheka. Alikuwa anamtazama Asahel, mdomo wazi kidogo, na kwa mara ya kwanza hakuwa na la kumkosoa.

Lemuel alikuna kichwa. "Sasa naomba nielewe," alisema. "Huu ni ugomvi au ni posa?"

Mzee Satterfield ndiye aliyekizima kicheko. Aliinuka kwenye kiti chake, mrefu vile, na watu wakatulia wenyewe.

"Unaijua sheria, Ndugu Pruitt. Hatua yoyote kuelekea ndoa."

"Sijapiga hatua hata moja, Mzee."

"Mwezi wa sita alipiga mbizi!" sauti ikatoka nyuma, na watu wakaangua tena.

"Nyamazeni," alisema Mzee, bila hasira, kwa uchovu tu. "Nyinyi mnacheka. Mimi nimelisikia hili mara nyingi. Ezra Pickard alikuwa na sauti ya kuamsha wafu. Alioa, sasa anapanda viazi. Caleb Dunning aliniapia kwa Biblia kwamba mke hatambadilisha. Sasa ana kinu cha kupasulia mbao. Wote waliniapia. Siwalaumu. Watoto lazima wale. Lakini Wabash kuna watu mia nne hawana wa kuwazika, na mimi kila mwaka nasoma majina machache zaidi." Akamgeukia Keziah. "Dada, sina ubaya nawe. Lakini ukimpata wewe, mimi nimempoteza."

Asahel alitaka kusema kitu, kuapa labda, lakini akaona kiapo kingekuwa cha kumi na ngapi sijui. Keziah ndiye aliyejibu.

"Mzee Satterfield, nani kakwambia mimi nataka mwanamume wa kukaa nyumbani?"

"Kwani...?"

"Nilikuwa naye mmoja miaka tisa. Alikuwa mtu mwema, Mungu amlaze pema. Lakini alikuwa nyumbani. Asubuhi yupo. Mchana yupo. Ukiinua sufuria, yupo." Wanawake wengine walianza kujifuta machozi ya kucheka kwa aproni zao. "Mimi shamba nalima mwenyewe, kuni nakata mwenyewe. Nimemwona mtu huyu siku moja katika wiki nne, mwaka mzima, na sikuchoka kuingoja hiyo siku. Ningempenda kama asingekuja na njia nzima mabegani? Angekuwa jirani tu mwenye koti baya. Akishuka farasini kwa ajili yangu, simtaki! Nasema mbele ya mashahidi. Siku atakayonunua jembe, ajue kalinunua pamoja na ugomvi."

"Wabash hakuna nyumba yenye sakafu," alisema Mzee.

"Nitakanyaga udongo."

"Utakaa peke yako wiki tatu, wiki nne."

"Kwani sasa naishi na nani? Na hao watu mia nne, wanawake wenzangu si wamo? Nani anawafundisha? Mwanamke wa Wabash hatamweleza mhubiri yaliyo moyoni mwake. Mimi atanieleza, na asiponieleza nitamuuliza. Asahel apite mbele akihubiri, mimi nibaki nyuma na darasa. Mzee, wewe unadhani unampoteza mmoja. Nakupa wawili, na bado unanung'unika!"

Hapo Asahel alisahau kwamba yuko ibadani. "Keziah," alisema, bila udada wowote, "kweli utakuja?"

"Hujaniomba bado," alisema Keziah. "Umemweleza Mzee. Mimi hujanieleza kitu."

"Nakuomba."

"Basi nakuja."

Lakini macho yote yalikuwa kwa Mzee Satterfield, kwa kuwa bila yeye hapakuwa na Wabash wala tandiko.  Alikaa. Hakukaa kwenye kiti chake, ila kwenye benchi la mbele, katikati ya watu, pale pale alipokuwa amekaa Asahel, na akaiweka mikono yake mirefu juu ya magoti akaitazama.

"Mimi niliula," alisema.

Hakuna aliyemwelewa.

"Mkate," alisema Mzee. "Virginia, miaka ishirini na sita iliyopita, karamu kama hii. Nilikuwa napelekwa magharibi. Alikuwapo msichana benchi la pili, Rhoda, na alikuwa anajua, na mimi nilikuwa najua, na mkubwa wangu aliniuliza swali lile lile nililokuuliza jana, nikampa jibu lile lile. Sahani ilipokuja nikamega, nikala. Asubuhi nikapanda farasi. Sikumuaga." Akamtazama Asahel. "Miaka yote nimejiambia ulikuwa utii. Nimewafundisha vijana kwamba ulikuwa utii. Haukuwa utii. Niliogopa tu kusimama mbele za watu, kama alivyosimama huyu."

Lemuel alifuta macho kwa mkono wa koti. Dorcas alilia wazi bila kujificha. Hata Obed Stiles alitazama viatu vyake.

"Leteni sahani," alisema Mzee Satterfield.

Ililetwa. Alimega mwenyewe, akampa Asahel, akampa Keziah, kisha akamega kipande cha tatu na kukishika muda mrefu kabla ya kukitia kinywani. Wakala wote watatu wamesimama. Mkate wenyewe ulikuwa mkavu kama kawaida ya mkate wa Dorcas, na Asahel aliapa baadaye kwamba hajawahi kula kitu kitamu vile. Mtu akaanzisha wimbo, juu mno, kila sauti ikahangaika kuufikia, na hakuna aliyejali. Waliimba mpaka kuku wa Lemuel wakaruka kutoka darini.

Jumatatu alfajiri Lemuel alikwenda mjini mbio, akamtoa karani wa wilaya kwenye kifungua kinywa chake, akarudi na kibali mfukoni na yai la karani kwenye kola. Saa nne Mzee Satterfield aliwafungisha ndoa kwenye ua wa Keziah. Alipofika mahali pa kusema bwana harusi sasa ana mke, alitabasamu, na safari hii hakuna aliyedhani ni jino. Kulikuwa na nyama ya paa, viazi, asali, na pai nyingine za matofaa. Ikakubaliwa Asahel amalize mzunguko wake, Keziah avune mahindi na kulikodisha shamba, kisha wote wawili wafuate njia ya Wabash kabla ya theluji.

Saa saba mchana sherehe ilikuwa bado mbichi. Lakini Jumanne asubuhi ilikuwa zamu ya Mill Run. Watu walishatangaziwa, na Mill Run ilikuwa mbali. Asahel alitandika farasi. Akakaza mkanda, akaulegeza, akaukaza tena. Keziah alitoka nyumbani, mikono ina unga bado, akasimama kando ya farasi.

"Unangoja nini?" alimuuliza. "Watu wa Mill Run watamkuta Obed Stiles anawahubiria habari za nguruwe."

"Nakuaga," alisema Asahel.

"Niage basi, vizuri. Si kwa mafua."

Akamuaga vizuri. Dorcas aliyekuwa dirishani alisema baadaye kwamba aligeuza uso, na hakuna aliyemwamini. Kisha Asahel akapanda, akashuka njia ya mto, na kwenye kona akageuka kutazama nyuma. Alikuwa ameondoka kwenye nyumba za watu asubuhi zaidi ya elfu tatu, akishukuru kwa chakula na kwa mahali pa kulala. Leo hakumshukuru mtu yeyote. Alikuwa anatoka kwake.